Mchungaji anataka kipindi changu cha bayolojia kigawanywe nusu kwa nusu, na mimi naimba kwaya kwenye kanisa lake

BARUA

Shangazi shikamoo,

Nimesoma majibu yako miaka, nimecheka na nimelia humo humo, ila sikuwahi kuwaza ipo siku ntakuandikia mimi. Haya, yamenifika. Naomba jina langu na la shule usiyaweke maana Mwanza ukiitazama toka juu ya mawe unaona mji mkubwa, ukishuka chini kila mtu anamjua wifi wa mwenzake.

Mi ni mwalimu wa bayolojia, shule ya kata, ya serikali, tuko pembeni kabisa mwa ziwa yaani ukifungua dirisha la maabara harufu ya dagaa walioanikwa inaingia na wewe unaendelea kuandika ubaoni. Nina miaka 36, watoto wawili. Mume wangu ananunua dagaa mwaloni anapeleka mikoani, na ni mzee wa kanisa. Mimi naimba kwaya, sauti ya pili, mwaka wa 11 huu. Nimeokoka tangu nipo chuo na sio kwa kuigiza, naomba hilo ulijue kabla ya mengine yote.

Shida ni mada ya evolusheni kidato cha nne, ile ya viumbe kubadilika kizazi hadi kizazi. Kwa miaka yote 8 niliyofundisha hio mada nimekua naikimbia. Naandika ubaoni Lamarck kasema hivi, Darwin kasema hivi, twiga shingo ndefu, nakilini, maswali yanayokujaga kwenye mtihani ni haya, tunapita. Mwaka huu kuna kijana mmoja, baba yake mvuvi wa dagaa, wakati wa giza anaenda ziwani na baba yake usiku kucha alafu asubuhi anakuja kusinzia dawati la nyuma, mwezi ukiwa mkubwa ndo anakua mwanafunzi. Huyo akanyoosha mkono akasema, madam, mbona hii mada unaisoma kama tangazo la msiba? Darasa lilicheka mpaka mwalimu wa darasa la jirani akaja kuchungulia. Mi sikucheka. Nilirudi nyumbani nikalala na hilo neno.

Nikaamua mwaka huu nifundishe kweli. Nikawatuma vijana wanaokaa karibu na mawe wavue furu, wale samaki wadogo wa ziwani, kwa ndoano waniletee kwenye ndoo wakiwa wazima. Shangazi lile lilikua somo zuri kuliko yote niliyowahi kufundisha. Yule kijana wa dagaa ndo akawa mwalimu, anawatoa mmoja mmoja, huyu dume lake lina wekundu mgongoni, huyu ni wa bluu, huyu mdomo wake wa kukwangua mwani kwenye mawe, huyu taya lake la kuvunjia konokono, mimi nimekaa namsikiliza. Nikawaambia nilichofundishwa chuo, kwamba wataalamu waliochimba tope la chini ya ziwa letu wanasema lilikauka kama miaka elfu 15 iliyopita, likajaa tena, na humo wakatokea furu aina zaidi ya 500, na mmoja wa hao wekundu wa mawe ya hapa hapa kwetu amepewa jina la Mwalimu Nyerere, anaitwa Pundamilia nyererei. Wakapiga makofi. Mungu sikumtaja, si kwa kumkataa si kwa kumkubali, nilikua nafundisha samaki.

Kumbe kuna binti mle ndani, baba yake ni mzee wa kanisa mwenzie na mume wangu. Kafika nyumbani kasema madam katuambia sisi tumetokana na furu. Jumapili hio hio mchungaji akahubiri, kuna walimu wanalipwa kwa kodi zetu ili wawaambie watoto wetu kwamba babu zao ni nyani. Sikutajwa jina ila nilikua nimesimama mbele na joho na kwaya nzima iligeuka. Alafu tukaimba.

Wiki iliyofuata mchungaji akaja shuleni, yeye ni mjumbe wa bodi ya shule pia. Kaja kwa upole kabisa, na pendekezo. Kipindi changu cha dakika 80 nikigawe, dakika 40 nifundishe evolusheni, 40 aje mtumishi kutoka kanisani afundishe uumbaji, watoto wasikie pande zote wachague wenyewe. Anasema ndo haki. Toka siku hio ananirushia video za wahubiri wa Marekani zimetafsiriwa, kila siku mbili tatu. Mkuu wa shule nilipomfata kanijibu, madam malizana nao kimya kimya, mi sitaki barua za wilayani. Mwalimu wa taaluma anasema fundisha kinachotungwa na NECTA, Baraza la Mitihani, basi. Mume wangu ndo kaniumiza kuliko wote, nimemweleza yote kaniambia neno moja tu, "We fundisha, ila hayo mambo usiyaweke moyoni." Yaani hata yeye ananiona nimeanza kupotea.

Kwahiyo kanisa limenikataa, wazazi wamenigeuka, ofisini sina mtu, nyumbani sina mtu.

Na bado. Kipindi cha mwisho kabla ya kufunga, yule kijana aliniuliza mbele ya wote, "Madam, wewe mwenyewe unaamini ipi?" Kengele ikaniokoa. Nikasema tutaendelea. Shule inafunguliwa wiki mbili zijazo na mada ina vipindi vinne vimebaki na wote watakua wanasubiri hilo jibu, sio Lamarck.

Kitu kimoja, sijui kama kinahusika. Bayolojia niliisoma kwa sababu ya mdogo wangu, alifariki kwa sikoseli yuko darasa la sita. Hilo tuliache.

Nifanyeje shangazi? Nikubali nusu kwa nusu? Nirudi kwenye kuipita juu juu kama zamani? Niombe uhamisho? Na je mimi ni mnafiki, niambie tu ukweli, Jumapili naimba Mungu aliumba na Jumatatu nafundisha furu.

Ni mimi,
Madam wa Furu, Mwanza


JIBU LA SHANGAZI

Marahaba mwanangu, na pole. Pole yangu ya kwanza ni ya ile Jumapili. Kusimama mbele ya watu na joho, unasemwa, na wimbo unaofuata unakusubiri uimbe, hilo ni zito kuliko ubishi wowote wa Darwin, na wewe umeliandika kwa mistari miwili kisha ukakimbilia ratiba ya vipindi. Nimeona. Ntarudi hapo.

Ngoja nikurudishie ulichoniambia uone kama nimekusikia. Una kazi inayokutaka ufundishe mada ambayo kanisani kwako inasikika kama tusi. Kwa miaka 8 ulijificha kwenye tangazo la msiba, hakuna aliyelalamika. Mwaka ulioifundisha kwa moyo ndo mwaka uliosemwa. Sasa unaona njia mbili tu mbele yako, uwe muumini au uwe mwalimu, na kijana mmoja amekutaka useme hadharani ni ipi. Kama nimekosea utaniandikia tena.

Kuna maneno kwenye barua yako nataka tuyachokonoe taratibu. "Kanisa limenikataa." Nimeisoma mara tatu natafuta mahali kanisa limekukataa, nimekuta mchungaji mmoja na mahubiri ya siku moja. Kwaya iligeuka, ndio, lakini hujaniambia mama yeyote wa sauti ya pili amekuambia nini baada ya ibada. Au hukumpa nafasi, ulivua joho ukaondoka? "Wazazi wamenigeuka", nimehesabu mzazi mmoja. Darasa la kidato cha nne shule ya kata lina watoto wangapi, 60? Wazazi wengine hao, labda nusu yao hawajui hata kama kuna ubishi, wako mwaloni wanageuza dagaa. Sikwambii hayajakuuma. Nakwambia mtu akiumizwa na mmoja mbele ya wengi huwa anawahesabu wote waliokuwepo.

Na hilo la binti kusema "tumetokana na furu", tusimlaumu, mnafundisha kwa Kiingereza mnafafanua kwa Kiswahili na katikati hapo maneno yanaanguka. Angalia hili neno nyani. Hakuna mwanasayansi anayesema babu yako ni nyani wa pale Serengeti anayeiba ndizi za watalii. Wanachosema ni kwamba binadamu na sokwe wana mzee mmoja wa zamani sana. Wewe na mtoto wa shangazi yako mna bibi mmoja, haina maana kwamba yeye ndo kakuzaa. Ndo maana lile swali tamu la vijiweni, mbona sokwe wa Rubondo hawajageuka watu mpaka leo, linachekesha lakini haligusi kitu (na wale sokwe wenyewe ni wageni pale kisiwani, waliletwa kutoka Ulaya miaka ya 1960). Na neno nadharia ndo baya zaidi. Mtaani mtu akisema "hiyo nadharia tu" maana yake maneno matupu, vitendo sifuri. Kwenye sayansi nadharia ni maelezo yaliyopigwa majaribio miaka na miaka yakabaki yamesimama. Sasa ukiandika ubaoni "nadharia ya Darwin", nusu ya darasa wameandika "porojo za Darwin", na mchungaji wako akisikia "nadharia" anasema si mnaona, hata wenyewe hawana uhakika. Inawezekana sehemu ya ugomvi wenu ni ya kamusi. Sio yote. Sehemu.

Maana mchungaji naye nataka nimtendee haki. Anachokiogopa yeye sio furu. Anaogopa mtoto akiambiwa hakuumbwa ataona hana thamani, atafanya lolote, na yeye ndo atakayeitwa kumzika au kumtoa mahabusu. Hofu hiyo ni ya kweli hata kama njia yake mi inanitatiza.

Njia yenyewe, ya nusu kwa nusu, hakuibuni yeye. Iko ndani ya hizo video, na ina historia yake huko zilikotoka. Marekani mwaka 1925 mji wa Dayton jimbo la Tennessee walimshtaki kijana mwalimu, John Scopes, kwa kufundisha evolusheni, wakampiga faini dola 100. Lakini anayekuhusu zaidi wewe ni mwanamke anaitwa Susan Epperson, mwalimu wa bayolojia Little Rock, jimbo la Arkansas, Mkristo wa kanisani kabisa kama wewe. Mwaka 1965 akaletewa kitabu kipya cha kiada chenye sura ya evolusheni, na jimbo lina sheria ya tangu 1928 inayokataza kufundisha kwamba binadamu katokana na wanyama wa chini yake. Afundishe kitabu avunje sheria, au afate sheria aache kitabu alichopewa na wakubwa wake. Akaenda mahakamani, ikafika mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, 1968 akashinda. Waliokuwa wanazuia evolusheni wakageuza mkakati, Louisiana wakatunga sheria kwamba ukifundisha evolusheni lazima na uumbaji ufundishwe sambamba. Nusu kwa nusu, unaiona? Hiyo nayo Mahakama ya Juu ikaifuta 1987, kwa hoja kwamba lengo lake ni kuingiza dini kwenye shule ya serikali.

Sasa usichukue hiyo ukamkimbilie nayo mchungaji, ile ni katiba yao na mahakama zao. Kwetu mambo yamekaa tofauti. Katiba yetu inasema nchi hii haina dini, ibara ya 19 inamwachia kila mtu imani yake, lakini hapo hapo shule zetu za serikali zina vipindi vya dini kwenye ratiba, mchungaji anaingia, padri anaingia, ustadhi anaingia, kila mtoto anaenda kwa wake. Kuna mpaka mtihani wa taifa wa Maarifa ya Biblia na wa Elimu ya Dini ya Kiislamu. Huko Marekani waligombania mlango, kwetu mlango upo na uko wazi siku zote. Kwahiyo swali ambalo ningependa mchungaji aulizwe, kwa adabu na chai, ni hili, mtumishi wake tayari ana kipindi, kwanini anataka na cha bayolojia? Labda ana jibu zuri. Mi silijui.

Tuje kwenye unayoyafikiria. Nusu kwa nusu faida yake ni amani, kwa muda. Mchungaji anatulia, mkuu anapumua, biashara ya mume wako haiguswi (hukusema hilo ila dagaa wananunuliwa na watu na watu wanasali mahali). Hatari yake anza kuitazama darasani kwako. Wamo Waislamu mle, wamo Wakatoliki, Wasabato, na mmoja wawili ambao kwao bado wanapeleka kuku kwa babu. Mtumishi wa kanisa lenu akipewa dakika 40, ustadhi akigonga hodi wiki inayofuata utamwambia nini? Na Mkatoliki je, ambaye Papa wake Yohane Paulo wa Pili mwaka 1996 aliwaandikia wanasayansi kwamba evolusheni sasa ni zaidi ya dhana, akasisitiza roho inatoka kwa Mungu moja kwa moja? Huyo mtoto akiambiwa achague upande, atasimama wapi, maana kanisa lake halijamwambia kuna pande. Muhtasari wa somo ni wa Taasisi ya Elimu, bodi ya shule haiugawi, na mthibiti ubora akiingia siku hiyo akamkuta mtumishi ubaoni anayeulizwa ni wewe, sio mjumbe wa bodi.

Hapo ndo lile "kimya kimya" la mkuu wako linaponipa wasiwasi. Kimya kimya maana yake likiharibika hakuna aliyekutuma. Unaweza kumwomba aliandike, hata kwenye kitabu cha kumbukumbu cha ofisi, mistari miwili tu. Wakuu wengine wakiombwa kuandika wanabadilisha mawazo hapo hapo. Wengine wanakununia muhula mzima. Wewe ndo unayemjua wako.

Kuipita juu juu kama zamani, hilo linawezekana, umelifanya miaka 8 na mshahara ulitoka. Alama watakosa kidogo, wengine wataokoteza kwenye vitini. Sidhani kama ni alama zinazokuzuia. Nadhani ni ile ndoo. Mtu akishafundisha vile mara moja kurudi nyuma kunauma, na yule wa dawati la nyuma ataona, atarudi kusinzia hata mwezi ukiwa mkubwa.

Uhamisho, mwanangu, unajua mwenyewe kuhama kunavyochukua muda, mtihani ni Novemba, na huko utakakoenda mada ni hii hii na makanisa yapo.

Kuna njia hujaitaja. Kwenda kwa mchungaji wewe mwenyewe, nyumbani kwake sio ofisini, ukiwa na mumeo na kitabu cha kiada. Mpe asome mwenyewe kurasa za mada hiyo. Vitabu vingi vya kidato cha nne vinaanza na maelezo mbalimbali ya asili ya uhai, na uumbaji umetajwa pale, kwa ufupi, kama jambo ambalo watu wanaliamini. Inawezekana hajawahi kukiona, anapigana na kitabu cha kwenye video. Au mwanzie mbali na nyani kabisa. Mchungaji wako ana umri gani, anakumbuka klorokwini? Sisi tunakumbuka, ile kuwashwa mwili mzima. Ilitibu malaria miaka na miaka, 2001 serikali ikaiacha kwa sababu vimelea vilishaizoea, wale wachache walioweza kuihimili ndo waliozaana. Hiyo ndo evolusheni, imo kwenye damu ya waumini wake, na hakuna aliyewahi kuihubiria vibaya. Hatari ya kwenda kwake ipo vilevile, akiamua kukuona mkaidi anaweza kukusimamisha kwaya, na mimi siwezi kukuambia kwaya ni kitu kidogo. Miaka 11 sio kitu kidogo. Ukienda, nenda ukiwa umeshajua utaumia kiasi gani ukiikosa.

Sasa kijana. "Unaamini ipi?" Umelichukua kama hati ya mashtaka. Hebu lisikilize tena kwa sauti ya mtoto wa miaka 17 aliyekuona miaka mitatu ukisoma vitu ubaoni, mara siku moja ukakaa kimya ukamsikiliza yeye anavyojua samaki. Huenda hakutegi. Huenda naye ana lake, ana mama anayesali usiku akiwa ziwani na ana macho yaliyoona furu, na anatafuta mtu mzima mmoja aliyebeba vyote viwili amuulize vinabebwaje. Unaweza kumjibu kwamba kufundisha sio kuungama, imani yako ni ya kwako na ubaoni mnajadili ushahidi, walimu wengi wanajibu hivyo na ni jibu halali, ila kuna watoto wanalisikia kama mlango umefungwa. Unaweza kumwambia ukweli, kwamba unasali na unafundisha hili na hujamaliza kulifikiri. Hilo litafika kwa mchungaji kabla hujatoka getini, na litafika limepinda kama la furu lilivyopinda. Unaweza pia kumjibu pembeni, nje ya darasa, ingawa wale 59 nao walisikia swali.

Umeniuliza kama ni mnafiki. Hapo naomba uniruhusu niguse ulipokataza. Ulisema la mdogo wako tuliache, lakini uliliandika wewe. Alifariki kwa sikoseli, na najua vizuri maana huku kwetu kanda ya ziwa nyumba ambayo haijaguswa na sikoseli ni ya kutafuta. Ukaenda kusoma bayolojia, kwahiyo ulishajua jibu la kwanini iko nyingi hivi kwetu, huna haja mimi nikufundishe. Anayeirithi kwa mzazi mmoja tu malaria kali haimuui kirahisi, anaishi, anazaa. Anayeirithi kwa wote wawili ndo anaumwa. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, aliliandika hilo 1954 baada ya kupima damu za watu wa Afrika Mashariki. Maana yake ni kwamba kilichomwondoa mdogo wako ndicho kilichowaacha hai wazee wenu, mpaka mkafika nyie. Hiyo nayo ni evolusheni. Na hiyo mada unayoikimbia miaka 8, nadhani huikimbii kwa sababu ya mchungaji. Yeye kaja juzi.

Na kwenye msiba ule bila shaka mliimba. Ukaimba, kisha ukaenda chuo ukasoma kwanini. Miaka yote hiyo umeishi na vyote viwili kwenye kifua kimoja, wala hukujiita mnafiki mpaka Jumapili ile mtu alipokusema mbele za watu. Fikiria kama neno hilo lilitoka kwako au ulipewa.

La mumeo. "Hayo mambo usiyaweke moyoni." Wewe umesikia, usiiamini hiyo evolusheni. Mimi mtu wa nje nimeisoma nikasikia mwanaume asiyejua maneno anamwambia mkewe asiumizwe na mahubiri. Sijui ipi ndo yenyewe, hata wewe hujui, maana hukumuuliza. Yeye ni mzee wa kanisa, alikuwa amekaa mle ndani siku ile, aliona kwaya inageuka na aliona ni nani wamemgeukia. Muulize alikuwa anawaza nini dakika ile. Usimuulize watoto wakiwepo wala akiwa anahesabu magunia.

Niandikie shule ikifunguliwa. Na wale furu wa kwenye ndoo hukutuambia waliishia wapi, mliwarudisha kwenye mawe au mwalimu wa zamu aliwala?

Shangazi